Siku Tulipochemsha Mbao za Ulaya na za Japani

Ukitaka kuijua plaiwudi, usiitazame usoni. Uso wa plaiwudi ni kama uso wa bwana harusi, siku ya kwanza hakuna aliye mbaya. Itazame ukingoni. Hesabu tabaka zake, uone kama zimelala sawa au kuna pengo linaloingiza ukucha. Lowesha kidole gumba kwa mate, kibandike pale ukingoni, vuta pumzi tano, kisha kwaruza. Gundi ikitoka laini kama uji, mrudishie mwenye duka ubao wake. Halafu inuse. Mimi pua yangu iliniambia kweli nikaidharau, na kwa ajili hiyo nilikaribia kufungwa. Lakini kufungwa si kitu. Kazi ya mikono yangu ilikaribia kumuua mtoto wa siku mbili.

Nawaambia haya nyinyi mnaojifunza kushika randa sasa. Mnaniamkia njiani, naitikia marahaba, mnapita. Mnajua kwamba Mzee Yustini alikuwa seremala, basi. Hamjui kwamba kuna wakati jina langu lilikuwa la mwizi kuanzia Murusagamba mpaka Ngara, kwa muda wa wiki tatu nzima, na kwamba lilisafishwa kwa maji ya moto.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kabla ya vita ya Hitla. Kushika msumeno nilifundishwa misheni, lakini useremala hasa niliupata Biharamulo, kwa Fundi Hamadi. Babu yake alitoka pwani na misafara, akaoa, akabaki. Walikuwa Waislamu wa mjini, watu wa duka na kanzu safi, na Kiswahili walizaliwa nacho. Mimi ni Mhangaza wa Mabawe, Mkatoliki, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Siku ya kwanza nilimwomba aniazime landa. Akaacha kazi, akanitazama.

“Landa sina,” akasema. “Ninayo randa. Ukiiita landa hailainishi kitu.”

Akanitamkisha mara kumi mbele ya wateja. Mpaka leo nikishika chombo hicho ulimi hujikaza wenyewe.

Fundi Hamadi macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Karatasi hakuweza tena kusoma, lakini ubao aliusoma kwa vidole, kwa pua, mara nyingine kwa ulimi. Nilimwona analamba ukingo wa plaiwudi mbele ya mzungu mmoja aliyekuja kuagiza kabati, na yule mzungu akatoka nje kwanza akacheke, ndipo akarudi kuagiza.

Plaiwudi wakati ule ilikuwa kitu kigeni. Sisi tulizoea mninga na mvule, mti unaoupasua mwenyewe na kuujua ulikoota. Hizi zilikuja zimefungwa marobota kwa mikanda ya chuma. Zilivuka bahari, zikapanda gari moshi mpaka Mwanza, zikavushwa ziwa hadi Nyamirembe, kisha lori likazileta Biharamulo. Na zilikuwa za namna mbili: za Japani na za Ulaya.

Watu walikuwa wameshahukumu kabla ya kuona. Kikombe cha Japani kilivunjika, shati la Japani lilipauka, basi ubao wa Japani nao hauna maana. Kisu cha Ulaya kilidumu, basi ubao wa Ulaya ni chuma. Hata wateja ambao hawakuwahi kugusa plaiwudi waliingia dukani wakisema, “Nipe za Uraya, hizo nyingine sitaki.” Fundi Hamadi peke yake hakuimba wimbo huo.

“Japani ni nyumba moja,” aliniambia. “Ulaya ni mtaa. Mtu akikuambia mtaa ule wanapika vizuri, muulize, umekula kwa nani?”

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kuuzia bidhaa tu.

Nilikuwa na makosa mengi, na mengine ni ya kuchekesha. Robota la kwanza nililokabidhiwa nilizifungua mbao nikaziegemeza ukutani, zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Nikaona nafasi imebaki kubwa, nikajipongeza. Baada ya wiki mbili zote zilikuwa zimepinda. Fundi Hamadi akapitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, akauweka chini, akaniambia nikae ndani yake.

“Nikae?”

“Kaa. Umechonga mtumbwi, sasa tufikishe Mwanza.”

Nikakaa. Mkewe, Bi Mwanaidi, alitoka uani na sinia la mchele, akaniona nimekaa ndani ya ubao katikati ya karakana, akarudi alikotoka bila kuuliza neno. Tangu siku ile plaiwudi zangu hulala chali juu ya magogo matatu, moja kila upande na moja katikati, zikiwa zimeinuliwa kutoka sakafuni, na juu yake ubao mzito. Nanyi fanyeni hivyo. Hakuna gundi wala kiwanda kitakachokuokoa kama hujui kuzilaza.

Sasa niwapeleke Murusagamba.

Serikali ilijenga zahanati kule, karibu na mpaka wa Urundi. Kuta za matofali, paa la mabati. Mabati bila dari ni jiko mchana, na mvua ikinyesha mgonjwa hasikii anachoulizwa. Kwa hiyo wakataka dari ya plaiwudi, na kabati za dawa, na kigawanyo kati ya chumba cha wanaume na cha kina mama. Kazi ile nilipewa mimi. Nilikuwa nimeshatoka kwa Fundi Hamadi, nimeoa, najitegemea, na ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa mtu mmoja aitwaye Zefania, mgeni wa kutoka mbali, mwenye sauti kubwa na viatu ambavyo havikupata kushika tope. Alichagua mwenyewe mbao dukani kwa Fundi Hamadi. Za dari zilikuwa robota zima la Ulaya, za kabati na kigawanyo zikawa za Japani.

“Kilicho juu ya kichwa cha mtu kiwe cha Ulaya,” akasema. “Kilicho chini kinaweza kuwa cha Japani.”

Lori lilitufikisha lilipoweza. Kutoka hapo mbao zilikwenda vichwani, na niwaambie, ubao mpana kichwani katika upepo wa vilima vile si mzigo, ni mnyama. Mpagazi mmoja aligeuzwa akajikuta anatazama tulikotoka, akaendelea kutembea hatua kadhaa akirudi Biharamulo kabla hatujamshika.

Nilipoanza kukata mbao za Ulaya, harufu ikanijia. Si harufu ya mti. Ilikuwa harufu ya uji uliochacha. Nikasimamisha msumeno. Mbao za Japani nilizozikata jana yake zilinuka kama damu iliyokauka, harufu mbaya, lakini Fundi Hamadi alikwisha kunifundisha kwamba gundi ya damu ni gundi ya kweli. Uji sikufundishwa. Nikautazama mgongo wa ubao, nikauona mhuri wa Ulaya, maandishi mazuri ya buluu, nusu yake yamefutika. Nikajisemea, mhuri unajua kuliko pua yangu. Nikaendelea kukata.

La pili. Mgongo wa dari, ule upande unaotazama mabati, unatakiwa kupakwa mafuta ya kitani kabla ya kupigiliwa, maana asubuhi ya baridi bati hutoa jasho, na jasho hilo huanguka juu ya dari. Nilijua hilo. Lakini mafuta yalitosha upande mmoja tu, na kuyafuata mengine Biharamulo ni siku nyingi, na Pasaka ilikuwa inakaribia nami nilitaka kuwa nyumbani. Zefania alikuwa ananihimiza kila siku. Nikapaka upande wa chini, unaoonekana. Ukang'aa. Watu wakaja kuutazama. Nami nikala Pasaka Mabawe kwa mke wangu.

Mvua kubwa zilipokuja, akaja mjumbe na kipande cha karatasi kutoka kwa Laurenti, dresa wa zahanati, yule anayefunga vidonda na kugawa dawa, kijana wa Ntobeye aliyeandika kama alivyosema: *Fundi, dali imeanguka katika chumba cha mama. Njoo.*

Nilitembea siku nzima na nusu ya siku ya pili. Katika safari yote sikuweza kuomba vizuri. Nilianza Salamu Maria na katikati nikaanza kuhesabu misumari.

Laurenti alinipokea mlangoni. Nikamuuliza kabla ya salamu, “Kuna mtu?”

“Yupo mama mmoja na mtoto wake. Ingia umwone.”

Yule mama aliitwa Veronika. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunga vizuri, na mtoto yuko kifuani ananyonya. Nilimtazama mtoto yule miguu, mikono, kichwa. Alikuwa mzima. Nikashika nguzo ya kitanda. Ubao ulikuwa umeachana tabaka, ukajaa maji, ukashuka kwa upande mmoja na kuangukia mahali ambapo mtoto alikuwa amelazwa muda mfupi kabla. Alilia akitaka kunyonya, mama akamwinua. Ni kilio hicho tu kilichomwokoa.

“Ndiwe fundi?” Veronika aliuliza.

“Ni mimi, mama. Nisamehe.”

“Sikumwambia Laurenti akuite ili uombe msamaha. Nilitaka nikuone, nijue kama ni mtu anayetazama kazi yake au anayekimbia. Sasa nimekuona. Tazama juu.”

Nikatazama juu. Nusu ya dari ilikuwa imefumuka, tabaka zinaning'inia kama majani ya mgomba yaliyokauka. Kabati za Japani zilisimama chini yake zimelowa maji yaleyale, na hazikuwa na hata ufa.

Zefania alifika kesho yake. Hakunisalimu. Aliokota kipande, akakigeuza, akatafuta mhuri. Mhuri haukuwepo. Tabaka la nje lilikuwa limebanduka lote, na vipande vingine vilivyoanguka mpishi wa zahanati alikwisha kuviwashia moto, na mbao zilizobaki juu jasho la bati lilikwisha kuufuta wino wake.

“Hizi si mbao za Ulaya,” Zefania akasema mbele ya watu. “Mbao za Ulaya hazifumuki. Huyu amezivusha Urundi akauza, akaweka takataka za Japani.”

Hakuna aliyemkatalia. Ndiyo nguvu ya neno lililozoeleka. Kila mtu alijua kwamba cha Japani huvunjika, basi kilichovunjika ni cha Japani. Hata mimi, niliyezikata kwa mikono yangu, kwa kitambo nilijiuliza kama sikuchanganya marobota.

Nikaitwa bomani Ngara. Ofisa aliyesikiliza shauri, tulimwita Bwana Shauri kama tulivyowaita Waingereza wote wa boma, alikuwa mtu mkimya, mwembamba, mwenye Kiswahili cha vitabu. Alisema angenipa wiki mbili nilete ushahidi, la sivyo ningehesabiwa mwizi wa mali ya serikali. Mke wangu aliposikia hakulia. Aliniuliza swali moja: “Ulinusa nini ulipokuwa unakata?” Alikuwa mke wa seremala kwa mwaka mmoja tu, lakini alijua swali. Nikamwambia uji. Akasema, “Basi nenda kwa mwalimu wako.”

Nikaenda Biharamulo. Fundi Hamadi alinisikiliza mpaka mwisho, kidole gumba chake kikisugua ukingo wa benchi.

“Katika marobota yale zimebaki mbao ngapi?” akauliza.

“Nilizokurudishia baada ya kazi, za Japani mbili. Za Ulaya zile za Zefania, moja.”

“Na lile robota lingine la Ulaya lililokuja na stima ya pili? Unalikumbuka?”

Nilikuwa sijalifikiria kabisa. Kwangu Ulaya ilikuwa Ulaya.

“Tutakwenda na namna zote tatu,” akasema. “Na mimi nakuja. Bi Mwanaidi, nitolee kanzu.”

Safari ile ilimchosha sana mzee. Katika lori alilala juu ya zile mbao, chali, kama zilivyolala zenyewe. Tulipofika Ngara alishika bega langu tukaingia bomani, naye akamsalimu Bwana Shauri kama mtu anayemkaribisha nyumbani kwake.

“Bwana,” akasema, “watu hawa wanabishana kuhusu mihuri. Mhuri hukaa juu ya ngozi. Mimi naomba sufuria.”

“Sufuria ya nini?”

“Ya kuchemsha mbao.”

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. Nafikiri hapo ndipo alipoanza kutupenda. Ikaletwa sufuria kubwa ya kupikia maharage ya askari, ikatelekwa uani juu ya mafiga. Nikakata vipande sawasawa mbele ya watu wote: vya Ulaya ya Zefania nikavitia pengo moja la msumeno, vya Japani mapengo mawili, vya ile Ulaya ya pili mapengo matatu. Laurenti naye alikuwa amekuja na kipande cha dari ambacho hakijaanguka, alichokibandua mwenyewe juu ya kitanda cha Veronika, hakina mhuri wala pengo. Bwana Shauri alichagua vipande kwa mkono wake ili asiwepo wa kusema tumefanya ujanja. Vikatumbukizwa.

“Itachukua muda gani?” akauliza.

“Muda wa maharage kuiva,” Fundi Hamadi akajibu. “Lakini cha kwanza hakitangoja.”

Tukakaa. Zefania alisimama karibu na sufuria kuliko mtu yeyote. Nilimwonea ajabu, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu anayengojea kushinda. Mvuke ukapanda, na pamoja nao ile harufu ya uji uliochacha. Askari mmoja akanong'ona kwamba kuna mtu ametia unga. Hakuna aliyetia unga.

Kabla maji hayajachemka sawasawa, kipande chenye pengo moja kikafunguka. Kilifunguka taratibu, tabaka tatu zikaachana kila moja ikaelea peke yake. Muda mfupi baadaye kipande cha Laurenti kikafanya vilevile, na mti wake wa katikati ulikuwa mweupe uleule, wa unene uleule. Fundi Hamadi akaomba vyote viwili, akavipapasa, akavilamba.

“Ndugu wa tumbo moja,” akasema. “Na gundi yao ni wanga. Wamebandika kwa uji.”

Vile vya Japani vikaendelea kuchemka. Vilivimba ukingoni kidogo, lakini tabaka zikashikana. Vile vyenye mapengo matatu, vya ile Ulaya ya pili, havikuvimba hata kidogo. Nilikipiga kimoja kwenye jiwe kikalia kama mti mzima.

Bwana Shauri aliinama juu ya sufuria kwa muda mrefu, miwani ikajaa mvuke. “Kwa hiyo Japani ni bora kuliko Ulaya,” akasema, “na Ulaya ni bora kuliko Japani.”

“Ndiyo, Bwana,” Fundi Hamadi akasema. “Nchi moja hupika chungu kimoja, ukionja mara moja umejua. Bara zima lina vyungu vingi. Hapa wanatumia damu, pale maziwa, kule uji. Anayenunua kwa jina la bara ananunua bila kuonja.”

“Basi huyu hakubadilisha mbao.”

“Hakubadilisha.”

Nilihisi kitu kinanitoka mabegani, kama gogo lililoondolewa na watu wawili kwa pamoja. Nilitaka kukaa chini palepale kwenye vumbi. Na hapo ningeweza kunyamaza, vijana wangu. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Lakini nilikuwa natazama kile kipande cha Laurenti, na mgongo wake ulikuwa umepauka, haujaguswa na mafuta.

“Bwana,” nikasema, “kuna jambo jingine. Nilipokata mbao zile nilisikia harufu hii, nikanyamaza. Na mgongo wa dari sikuupaka mafuta. Yalikuwa hayatoshi, nami nilitaka kuwahi Pasaka.”

Laurenti alinikanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa.

“Ulikwisha kushinda shauri,” Bwana Shauri akasema. “Kwa nini unaniambia?”

“Kwa sababu dari itapigiliwa tena. Nikipewa mimi, nataka mjue nilipokosea. Akipewa mwingine, naye ajue.”

Alinitazama, kisha akamtazama Fundi Hamadi, kana kwamba anamuulizia habari zangu. Yule mzee alikuwa ananyoosha mkono hewani akitafuta bega langu, na alipolipata akaliminya.

“Utapigilia wewe,” Bwana Shauri akasema. “Na mbao utachagua wewe. Utanusa kwanza.”

Askari wakacheka, na mimi nikacheka, nikashindwa kuacha, mpaka nikafuta macho.

Zefania alinifuata nje ya boma. Nilidhani anataka ugomvi. Alivua kofia.

“Mimi ndiye niliyelichagua robota lile,” akasema. “Dari ilipoanguka niliogopa watasema nimenunua takataka na tofauti ya bei nimeitia mfukoni. Nikaona bora wakuseme wewe.”

“Ungeweza kunifunga.”

“Najua. Sikulala wiki hizi.”

Nikamwambia nami sikulala, basi twende tukale. Tulikula ndizi na maharage kwa mama mmoja sokoni, na Fundi Hamadi kati yetu akilalamika kwamba maharage hayakuiva kama mbao zake. Sikumpenda Zefania siku ile, lakini nilifarijika kujua kwamba alikuwa mwoga tu, hakuwa mbaya. Mwoga unaweza kufanya naye kazi. Tulifanya kazi pamoja tena, mara mbili, na kila robota lililofunguliwa alikuwa wa kwanza kuinama na kunusa.

Vita ilipokuja, za Ulaya na za Japani zote zilikatika. Tulipasua masanduku ya chai, tukarudia mninga wetu, na ndugu zangu wengine waliniambia sasa elimu yako ya sufuria imekufa. Haikufa. Siku hizi nyinyi mna gundi ambayo maji ya moto hayaiwezi, na pia mna zile mbao za vumbi lililoshindiliwa, ambazo zikipata maji hujaa tumbo kama mtu mwenye safura. Duka litakuambia zimetoka ng'ambo, kana kwamba ng'ambo ni mji. Kata kipande, kitie kwenye sufuria, kaa ukingoje. Mwenye duka akikataa kukupa kipande, umeshapata jibu bila kuwasha moto.

Dari ya pili niliipigilia kwa zile mbao za mapengo matatu, na zilipopungua nikamalizia na za Japani. Nilipaka mafuta pande zote mbili, na kingo nikazipaka mara mbili, maana maji huingia kwa kingo kama mwizi anavyoingia kwa dirisha. Chini ya paa niliacha matundu ya hewa ili bati likitoa jasho likauke. Misumari niliipigilia karibu karibu. Nilitumia siku tatu zaidi ya zilizopangwa na hakuna aliyenihimiza.

Kisha nikakataa kuondoka. Nilimwambia Laurenti nangojea mvua. Ilikuja siku ya nne, mchana, ile mvua ya kwetu inayoanza kwa kunong'ona juu ya mabati na ghafla husikii sauti ya mtu aliye mbele yako. Chumba cha kina mama kilikuwa hakijafunguliwa kwa wagonjwa. Nikavua viatu, nikapanda kitanda kilichokuwa katikati kabisa ya chumba, nikalala chali, macho juu, mikono kifuani. Nilijiambia, kama itaanguka, ianze na mimi.

Haikuanguka. Niliusikia mvumo wa mvua ukipungua juu ya dari kama vile mtu amefunga mlango wa chumba cha pili. Nikafuata kila kiungo kwa macho, papi moja baada ya nyingine, zile fito nyembamba zinazofunika viungo, nikitafuta doa. Hapakuwa na doa. Nadhani nilifika kwenye papi ya sita. Sijalala usingizi mzito kama ule tangu utoto.

Niliamshwa na Laurenti akinitikisa mguu. Mvua ilikuwa imekatika, jua limeingia dirishani, na nyuma yake amesimama mwanamke mjamzito, mkono mmoja kiunoni, akinitazama kwa uchovu.

“Fundi,” Laurenti akasema, “kama huzai, mpishe anayezaa.”